Kwa Shangazi: Vidonge vya presha vya mume wangu nimevikuta chini ya godoro

Shikamoo Shangazi.

Naandika usiku, baba watoto amelala. Akijua nimekuandikia hatutaelewana.

Sisi ni wakulima wa korosho, Tandahimba. Mimi nina miaka 46, yeye 53, na watoto wanne bado wako nyumbani. Msimu uliopita, siku ya mnada, wauguzi walikuja kwenye ghala la chama chetu cha msingi wakawa wanapima presha bure. Mume wangu alikaa kwa utani tu, wenzake wanamcheka. Mashine ikasoma 178 kwa 106. Akaambiwa aende zahanati. Alikwenda mara mbili, wiki tofauti, zote juu ya 170. Akaandikiwa amlodipini ya miligramu 5, kimoja kila siku, apunguze chumvi, arudi kila mwezi.

Hela ya korosho ilikuwepo, akanunua, akameza vizuri kuanzia Novemba mpaka kama Februari. Hela ilipokatika na dawa zikakatika. Nikamkumbusha, akasema, "Sisikii kitu, nimepona, hizo hela nunulia watoto madaftari." Na kweli alikuwa mzima, analima, anapanda mikorosho kukata matawi. Nikanyamaza.

Mwezi wa sita, tumo kwenye kupulizia salfa, akashikwa na kichwa upande wa kisogoni, macho yakawa yanaona ukungu. Nilidhani ni vumbi la salfa. Tukapanda bodaboda mpaka kituo cha afya: 196 kwa 114. Alilazwa usiku mmoja, akatoka na amlodipini ya 10 na losatani ya 50.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wiki ya tatu miguu ikavimba vifundoni, ikifika jioni ndala zinambana. Majirani wanasema dawa za presha zinaua figo, na ukizianza hutoki tena, unakuwa mtumwa wa vidonge. Mjomba wake akaja kutoka Newala, akasema hii siyo presha, ni mkono wa mtu, kwa sababu msimu uliopita tulivuna kuliko jirani. Kaleta mizizi ya kuchemsha. Na kuna jambo naona haya kulisema: tangu ameanza hivi vidonge viwili hatujawa mume na mke kama zamani. Yeye hasemi kitu. Ila juzi natandika kitanda nikakuta vidonge kumi na sita chini ya godoro, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kumbe kila asubuhi anachukua maji mbele yangu, anatia kinywani, anatoka nje.

Sijamwambia. Nimevirudisha palepale.

Nauliza, ni kweli dawa hizi ni za maisha? Zinaua figo? Na nimpikie nini mtu ambaye bila ng'onda, samaki wa kukausha kwa chumvi, na chumvi pembeni anasema amelishwa udongo?

Nimesahau: siku ile ya mnada na mimi nilipimwa. Ilisoma 152 kwa 96. Sikumwambia mtu, maana hela ya dawa ya mmoja yenyewe ilikuwa shida.

Mama wa Wanne, Tandahimba

*

Marahaba mwanangu, na pole. Umefanya vizuri kuvirudisha palepale bila ugomvi. Mwanaume akifumaniwa na siri yake hujibu kwa sauti, na wewe hapa hutafuti sauti.

Nianze na neno lenyewe, maana nadhani ndilo linalotuponza. Katika mazungumzo yetu presha ni wasiwasi. Namungo wakifungwa dakika ya tisini mtu anasema wamempandisha presha. Mkopo ni presha, mtoto akichelewa kurudi ni presha. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana presha anajikagua: nina mawazo? Sina. Kichwa kinauma? Hakiumi. Basi imeisha. Ile inayosomwa na mashine ni kitu kingine kabisa. Ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni moyo unapobana, ya chini ni moyo unapolegea kabla ya pigo jingine. Ikikaa 140 kwa 90 au zaidi, kwa vipimo vya siku tofauti, mtu huyo ana presha hata kama jana usiku kacheza sindimba mpaka kumekucha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Hawajui kwa sababu haiumi. Kile kichwa cha mwezi wa sita kilikuwa bahati yenu. Wengi hawaumwi chochote mpaka siku mdomo unapopinda.

Kwa hiyo mumeo aliposema "sisikii kitu" hakuwa mwongo. Kosa lake ni kudhani kwamba kusikia ndiko kupima.

Na hili analijua vizuri, ila analijua shambani. Mwulize salfa anapulizia lini. Anangoja maua yageuke meupe kwa ubwiri unga? Akingoja hivyo msimu umekwisha. Anaanza maua yanapochomoza, mti ukiwa haujaonyesha ugonjwa wowote, na baada ya wiki mbili tatu anarudia, kisha anarudia tena. Sijapata kumsikia mkulima akisema mwaka jana nilipulizia, mikorosho imepona, mwaka huu naiacha. Kidonge cha presha kinafanya kazi namna hiyohiyo. Kinashikilia namba chini siku kinapomezwa, kikiachwa namba inarudi kwao. Ndicho kilichotokea kati ya Februari na Juni.

Ni za maisha? Kwa wengi ndiyo. Wapo wanaopungua uzito, wanaoacha pombe na kukaza kwenye chumvi, wakapunguziwa dozi, wachache hata wakaachishwa. Lakini hao wamepunguziwa na daktari anayetazama mashine, hawakujipunguzia wenyewe. Na utumwa haupo: amlodipini haina ulevi wala haimfanyi mtu aitamani. Ningemwogopea zaidi angekuwa kwenye atenololi, dawa nyingine ya presha, maana hiyo ukiiacha ghafla moyo unaweza kuleta fujo.

Habari ya figo imegeuzwa kichwa chini. Figo ni chujio la vijishipa vyembamba sana, na kinachovichakaza mwaka hadi mwaka ni ile presha yenyewe. Losatani aliyopewa ni mojawapo ya dawa zinazotumika kuzilinda figo. Ila nadhani najua uvumi unakotoka. Watu wetu wanaanza dawa wakiwa wamechelewa, figo zimeshachoka, wakifa vidonge viko mezani. Aliyekuja na ndoo ndiye anayeambiwa kachoma nyumba. Cha kudai kliniki ni kipimo cha damu cha figo na madini ya potasiamu, kwa sababu mtu anayetumia losatani anatakiwa kuangaliwa hayo. Ulizeni kama alipimwa.

Miguu sasa. Hiyo ni amlodipini, na hasa ikifika miligramu 10 ni jambo la kawaida kwake. Inalegeza mishipa midogo, maji yanateremka vifundoni, jioni ndala zinabana, asubuhi unafuu. Siyo sumu. Daktari anaweza kurudisha dozi kwenye 5 na kuongeza upande mwingine, au kubadilisha. Kinachotakiwa ni yeye kusema, badala ya kuficha vidonge. Lakini akianza kuhema akilala chali, au anaamka usiku kutafuta pumzi, au uvimbe unapanda magotini, usingoje siku ya kliniki, huo unaweza kuwa moyo.

Hilo ulilolionea haya nalijibu bila haya, nimekaa wodini miaka mingi. Presha ya muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya sehemu za siri za mwanaume, maana nguvu za kiume ni mtiririko wa damu tu. Zipo dawa za presha zinazojulikana kupunguza nguvu hizo, kama atenololi na zile za kukojoza maji. Amlodipini na losatani kwa kawaida hazimo kwenye kundi hilo. Ila hofu nayo ni dawa mbaya. Mwanaume aliyeambiwa kijiweni kwamba vidonge vinammaliza anaingia chumbani akiwa ameshashindwa. Na kisukari kinaleta hali hiyohiyo, kwa hiyo apimwe sukari siku hiyohiyo. Nakuomba umwambie kwa upole: kama ni hilo, amwambie daktari wa kiume akiwa peke yake. Watasikilizana. Asinunue vumbi la Kongo wala vidonge vya kuongeza nguvu barabarani. Hajui kilichomo, na baadhi ya dawa za aina hiyo zikikutana na dawa za moyo zinaangusha presha mpaka mtu anazimia.

Kuna kitu hukukiandika na mimi nakihofia. Baada ya kutwa nzima na mashine ya salfa mgongoni, anameza nini? Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, na huko vijijini zinauzwa kama karanga, hizo zinapandisha presha na zikichanganyika na losatani ndizo zinazoumiza figo kweli. Mgongo ukiuma atumie paracetamoli, au umkande kwa maji ya moto.

Mjomba usigombane naye. Kwetu huku mjomba ana neno, ukimtukana umepoteza kesi kabla haijaanza. Mshawishi apimwe yeye. Nasema hivi kwa sababu nimeona: mzee anakuja kusema presha ni uchawi, anafungwa mkanda, mashine inasoma 160, na kuanzia hapo ndiye mkali kuliko wauguzi. Kama anataka kusoma dua, asome, dua haina ugomvi na losatani. Mizizi ina ugomvi, kwa sababu hakuna ajuaye nguvu yake wala kinachofanyika ikikutana na vidonge tumboni. Ubuyu, kitunguu saumu na mlonge nisikusumbue navyo, ni vyakula, ale. Asivifanye mbadala tu.

Tuje jikoni, maana hapo ndipo wewe una mamlaka.

Sisi watu wa Lindi na Mtwara tuna bahati mbaya ya kukaa jirani na mashamba ya chumvi. Chumvi haijawahi kuwa kitu cha kubana kwetu. Tunakausha samaki kwa chumvi, tunachovya ming'oko kwenye chumvi na pilipili, tunauza korosho za kukaanga zilizopaukia chumvi. Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo iliyoko kwenye samaki na mkate. Nakupa namna ya kujipima bila mizani. Ninyi mko sita. Sita mara gramu 5 ni gramu 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inatakiwa ifike siku 16 hata kama hakuna ng'onda hata kipande. Andika tarehe juu ya pakiti siku unayoifungua. Wanawake niliowaambia wafanye hivyo wengi walirudi wakicheka kwa aibu, pakiti ilikuwa haimalizi wiki.

Ng'onda sitakwambia uitupe, hutanisikia. Iloweke usiku kucha, umwage maji, uoshe, uichemshe na hayo maji umwage tena, ndipo uiunge. Usiongeze chumvi hata punje. Na isiwe kila siku. Pwani haiko mbali, dagaa au samaki mbichi wakipatikana wachukue. Utamu uutafute kwenye ndimu, ukwaju, embe bichi, kitunguu, tangawizi, pilipili, na tui jepesi. Wiki mbili za mwanzo atasema udongo. Ulimi unazoea, wiki ya tatu ya nne ataanza kuona chakula cha msibani kina chumvi nyingi. Kibakuli cha chumvi kiondoke mezani, asikione.

Halafu magadi. Hapa wengi wanajikwaa. Unapunguza chumvi, lakini kisamvu na mbaazi unavitia magadi ili viive haraka. Magadi yana sodiamu ileile inayofanya chumvi iwe mbaya. Loweka mbaazi tangu jana yake, kuni zitakuhurumia. Na vile vikolezo vya mchuzi vya pakiti ni chumvi iliyovaa nguo nzuri.

Mbaazi zenyewe, kunde, mchicha, matembele, ndizi, machungwa, mpe kwa wingi, potasiamu iliyomo inasaidia kushusha. Ila kwa kuwa yuko kwenye losatani, kile kipimo cha figo na potasiamu kitangulie, na kama figo zina kasoro daktari atawaambia cha kupunguza. Korosho isiyo na chumvi ni chakula kizuri, asiogope mazao yake mwenyewe. Uraka, hiyo pombe ya mabibo, ndio apunguze, na msimu wa mabibo ukifika usimwachie mtungi. Sigara sijui kama anavuta. Kama anavuta aache, hiyo haina kupunguza.

Hela. Barua yako imenipa jibu kabla sijauliza: Novemba anameza, Februari anaacha. Nimeona wengi wa hivyo, presha yao inafuata malipo ya mnada. Wakati wa masika wamekauka, ndipo tunawapokea. Mkulima mwenye akili hangoji Mei ndipo atafute hela ya salfa, anaitenga ya korosho ingali mkononi. Siku ya malipo ya msimu huu, kabla ya bati na kabla ya simu mpya, kateni fungu la dawa mliweke kwako. Mwombeni daktari amwandikie ya miezi mitatu kwa mkupuo namba zikishatulia. Amlodipini na losatani ni vidonge vya kawaida, vinakaa vizuri mahali pakavu pasipo jua, angalia tu tarehe ya mwisho. Usinunue ya mwaka mzima, maana dozi inaweza kubadilishwa. Na ulizeni ofisi ya kijiji habari za bima ya afya, mjiandikishe hela ikiwepo, siyo siku ya kuumwa.

Kuhusu kupimwa niungame kitu. Miaka ile nikiwa nesi kijana kwenye zahanati fulani, tulipima watu wakiwa bado wanahema, wametembea kilomita nane, mkono unaning'inia, mkanda juu ya shati, na sisi tunawasemesha. Sijui niliwaandikia dawa wangapi wasiostahili. Kwa hiyo mkifika dai haki yenu: akojoe kwanza, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini isikunjwe, mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, asiongee. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta. Wapime mara mbili. Yeye ana mkono mnene wa jembe? Waombe mkanda mpana, mkanda mdogo unadanganya kwa kupandisha. Mnalolitafuta ni chini ya 140 kwa 90. Na namba mziandike kwenye daftari, lile alilosema ununulie watoto.

Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi huku kifua kinabana, anashindwa kuhema, macho hayaoni, maneno yanavurugika, mdomo unapinda au mkono mmoja umelegea, ni hospitali saa hiyohiyo, na kumbuka saa ilipoanza, watakuuliza. Usimpe chochote cha kumeza njiani.

Sasa wewe.

Umeandika kurasa juu ya mumeo, namba yako ukaitia mwishoni kama mtu aliyesahau mwamvuli. 152 kwa 96 siyo namba ya kusahau. Inawezekana ilikuwa ni joto na kelele za ghalani, inawezekana siyo. Siku ile umepimwa mara moja tu, na mara moja haitoshi kusema una presha wala kusema huna. Na tafadhali usimege vidonge vyake, najua wazo hilo limeshakupitia. Una miaka 46, kama siku zako bado unaziona mimba inaweza kuingia, na losatani ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Wewe uandikiwe vyako, kama vinahitajika.

Na hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mumeo. Usimwambie nimekuta vidonge. Mwambie ulipimwa siku ya mnada, ukaogopa, ukaficha. Mwambie namba yako. Atakasirika kidogo kwamba hukumwambia, mwache akasirike. Kisha mwombe akusindikize siku ya kliniki ya presha na sukari, asubuhi, na mkifika kaa wewe kwanza kwenye kile kiti.